Jumamosi za Kuunganisha Nakala

Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa kupatanisha programu mbili za kompyuta zilizotokana na moja. Wiki nzima nafundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Thika, halafu Jumamosi, wenzangu wakifua nguo na kulala, mimi nabeba disketi hadi Ruiru, kisha narudi nazo Makongeni, hapohapo Thika. Hakuna aliyenilazimisha. Nilianza kwa kusaidia tu, na msaada ukageuka desturi kama kawaida yake.

Programu yenyewe ilikuwa ya bure. Iliandikwa na watu wa kujitolea ng'ambo, wasiotujua wala sisi kuwajua, wakaacha msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, wazi ili kila mtu aurekebishe apendavyo. Iliweka kumbukumbu za chanjo za watoto. Zahanati moja ya Ruiru ilipoichukua, Irshad, kijana aliyewatunzia kompyuta, aliirekebisha imtafute mtoto kwa jina la baba, maana kwao Waislamu mtu hujulikana hivyo: Zahra binti Hassan, basi, umemaliza. Zahanati ya Makongeni nayo ilikuwa na Mwalimu Kivuva, mstaafu mbishi asiyeinama hata kuokota chaki. Yeye aliirekebisha imtafute mtoto kwa jina la mama. Sisi Wakamba tunarithi majina ya nyanya na babu, kwa hiyo ukiita Kamene kwenye foleni ya chanjo, nusu ya foleni inaitika. Lazima uulize ni Kamene wa mama gani.

Kila mmoja alikuwa na haki, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Irshad akisahihisha kosa Ruiru, kosa lilelile linabaki Makongeni. Kivuva akiongeza kitu kizuri, Ruiru hawakioni. Mimi nikakaa katikati, nikilinganisha msimbo mstari kwa mstari, nikihamisha la huku kwenda kule bila kugusa mambo ya baba na mama. Kila wiki nilimwachia kila mmoja nakala ya mwenzake nikitumaini ataisoma. Thubutu! Fahali wawili hawakai zizi moja, na zizi lenyewe nilikuwa mimi.

Mwaka wa tisini na tisa wenye programu walituandikia barua pepe. Walikuwa wakitayarisha toleo litakalovuka mwaka elfu mbili bila kuchanganyikiwa na tarehe, na walikuwa radhi kuyaingiza marekebisho yetu humo, wayatunze wenyewe tangu hapo. Ila wangepokea nakala moja tu kutoka Kenya, si mbili. Ikipatikana hiyo moja, Jumamosi zangu zingerudi kwangu.

Na nilizitaka, jamani. Mama yangu alikuwa akiishi Matuu peke yake, na daktari alikuwa amesema ana presha ya macho, kwamba nuru iliyopotea hairudi. Nilitaka anione angali anaweza kuniona. Niliwabembeleza wale wawili wakubaliane, lakini kila mmoja akanijibu kwamba mwenzake ndiye mwenye kichwa kigumu.

Mwishowe niliwaambia, kila mmoja kwake, bila kupamba: mama yangu anapofuka, nami niko hapa nabishania mahali pa kuandika jina la baba. Irshad alizima kompyuta, akanisindikiza hadi mlangoni. Mwalimu Kivuva alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema ataangalia.

Jumamosi iliyofuata Irshad alinipokea mlangoni akitabasamu.

"Imeisha, Kamene," akasema. "Hiyo yangu nimetoa yote. Nimeweka ya Mwalimu vile iko. Wewe enda uone mum."

Nilijikuta nimekaa kwenye kiti chake, machozi yananitoka. Nilijua alivyoupenda ule msimbo wake. Nilimshukuru mpaka akaona haya na kujifanya anatafuta kitu mezani.

Makongeni nilifika mwepesi. Mwalimu Kivuva alikuwa amenitengea chai, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nilikaa nikafikiria," akasema. "Mimi mzee siwezi shindana na kijana mpaka mama ya mtu apofuke. Nimefuta yangu. Hii unaona hapa ni ya Irshad, yote."

Nilicheka hadi Mwalimu akadhani nimefurahi. Walikuwa wamebadilishana! Jina la mama sasa lilikuwa Ruiru, jina la baba Makongeni, na nakala bado zilikuwa mbili. Wema wao wote ulikuwa umenirudisha palepale.

Nakala za zamani zilikuwa mkobani mwangu. Ningeweza kumrudishia kila mmoja yake kabla jua halijatua, na wiki ijayo tuanze upya. Nikazitoa, nikazishika, na mikono ikakataa. Sikuwa hata na hasira. Nilikuwa nimechoka tu.

Nikaziweka mezani kando ya chai na kumweleza kilichotokea.

"Jumatatu akina mama watakuja na watoto," nikamwambia, "na hakuna kati yenu anayeijua programu iliyo mbele yake. Hiyo yako anaijua Irshad. Mpigie simu, Mwalimu, muunganishe wenyewe. Mimi naenda Matuu."

"Sijawahi ongea na yeye," akasema polepole.

"Najua."

Nilipokuwa nikivuka kizingiti nilimsikia akizungusha namba za simu.

Mama alikuwa ameketi nje ya nyumba, akichambua maharagwe kwa ncha za vidole. Aliposikia hatua zangu aliinua uso.

"Ni nani?"

"Ni Kamene."

Aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta nilipo. Niko mbele yake kabisa, na jua linaniwakia usoni. Kijiji kizima kimejaa akina Kamene, naye akauliza kama mtu yeyote wa kwetu angeuliza.

"Kamene wa nani?"

Nilipiga magoti, nikaushika mkono wake na kuuweka shavuni pangu.

"Wako, mama," nikasema.