Leso ya Arusi Kwenye Habari za Jumamosi

Nawaandikia nyinyi mlio na watoto wanaotaka kushika maikrofoni. Mimi niliishia darasa la saba, lakini haya yalipita sebuleni kwangu, hapa Msambweni.

Kheri alikuwa fundi wa kuvuta waya za televisheni nyumba hadi nyumba, mpaka vijiji vya bara, watu wapate mpira na tamthilia. Akaona chaneli moja imebaki tupu. Akanunua kamera, akamwita binti yangu Muhsina, kikaanza kipindi cha habari za Jumamosi. Mwanzo kilikuwa kipindi cha heri: nani kafariki na maziko ni saa ngapi, maji yatakatika wapi, mbuzi wa nani amepotea. Siku moja mbuzi aliyetangazwa aliletwa mpaka studio, akala karatasi ya habari mbele ya kamera. Tulicheka hadi machozi.

Kisha watu wakazoea. Kheri akamwambia mwanangu, "Mbuzi hawaleti matangazo, Muhsina. Lete jambo la kushikisha watu kichwa."

Jambo likatokea. Huko bara, upande wa ukame, mzee Mramba alikatwa mapanga, ikasemwa eti ni mchawi. Jirani yake Jumwa, mjane, alimwona muuaji. Ni mpwa wa mzee mwenyewe, aliyekuwa akilitaka shamba. Muhsina akamleta Jumwa kwangu arekodiwe.

"Dada, huogopi?" nikamwuliza.

"Naogopa hata chai hainipiti kooni. Lakini nikinyamaza, kesho mchawi nitakuwa mimi. Mwanao ameniahidi sitajulikana."

"Hutajulikana, mama," Muhsina akasema. "Uso unafunikwa, na sauti Kheri ataibadilisha kwa mashine."

Jumwa akajitanda leso yake gubigubi, yakabaki macho tu. Na macho nayo Kheri akayatia kiza.

Jumamosi mahojiano yakarushwa. Majirani walikuwa wamejaa kwangu wakitazama. Kisha Mwanafatuma, ambaye huuza leso sokoni, akasogea karibu na televisheni.

"Ile zambarau yenye maua ya korosho, si ndiyo sare niliyomwuzia Kahaso wa huko kwa Mramba, ya arusi ya mwanawe?"

"Nyamaza, wewe!" nikamwambia.

"Ninyamaze nini? Doti zilikuwa chache, na zote zilikwenda huko huko bara."

Huku kwetu mwanamke akipita kwa mbali, hata uso hujauona, watu wamekwisha kumtaja kwa leso aliyojitanda. Waliovaa sare ya Kahaso wanajulikana wote, na anayepakana ua kwa ua na Mramba ni mmoja tu.

Nikampigia Kheri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wallahi, kesho usikirudie kipindi hicho. Leso yake inajulikana."

"Leso ni leso, mama. Uso hauonekani hata kidogo. Watu wa Majoreni wamenipigia simu, wanataka kukiona tena."

"Kheri, umewahi kumnunulia mwanamke leso wewe?"

Akacheka, akakata simu.

Simu ya Jumwa haikupatikana. Jumapili asubuhi Muhsina akapanda boda kwenda kumchukua, aje akae kwangu. Alikuta mlango wazi, sima imeungulia mekoni. Jumwa alikuwa nyuma ya nyumba, amekatwa, bado anapumua. Hawakufika naye hospitali. Na huku kwangu televisheni ilikuwa ikimwonyesha tena, akisema haogopi kufa bali kunyamaza.

Jumamosi iliyofuata kipindi kilifunguliwa kama zamani, kwa jina la marehemu na saa ya maziko. Muhsina alisoma jina la Jumwa, asiweze kuendelea. Picha ikazimwa. Hakijarushwa tena.

Mazikoni nilimwona Kahaso na wenzake wa ile sare. Hakuna hata mmoja aliyeivaa. Na mpwa wa Mramba alikuwepo, ameshika koleo, anafukia kaburi pamoja na wanaume wengine.

Sasa kituo cha televisheni cha Mombasa kimemwita Muhsina. Sikumkataza, maana nyumbani halali wala hali. Ila nimemtilia begani shuka jeusi, lisilo ua wala mstari.

"Mtu akija kukusemea jambo," nikamwambia, "mvue leso yake kwanza, umfunike hili. Mtazame na viatu. Mtazame na mikono, kama ana hina."

Alilikunjua lile shuka, akalitazama pande zote mbili, kisha akalikunja tena.