Mkono wa Kaka

Kaka yangu ndiye aliyekuwa mwimbaji wetu, na akiinua mkono jukwaani maana yake ilikuwa moja tu: rudieni kiitikio. Tulizoea hivyo miaka kumi na minane, kwenye baa na kumbi za harusi.

Kwenye tamasha la kiangazi, jua likiwa la utosini, aliinua mkono. Tukarudia. Akauinua tena, huku mkono mwingine ameukandamiza kifuani. Mimi mpumbavu nikamgeukia mpiga ngoma: “Leo kaka kapandwa na mori, kaza!” Tukakaza. Mara ya tatu aliuinua akiwa amepiga magoti, na umati ukashangilia kama wehu.

Hakuinuka tena.

Shemeji huniuliza kama mumewe aliomba msaada. Aliomba mara tatu, shemeji. Na mara zote tuliitikia.