Mnadi na Mwalimu Wake

Watu walimwita Cherehani, kwa jinsi mdomo wake ulivyokwenda bila kupumzika. Kazi yake ilikuwa kunadi: vyombo vya waliohama, meza za ofisi zilizofungwa, vitanda vya marehemu. Alikuwa akipanda juu ya kreti, nyundo mkononi, na maneno yakimtoka mfululizo, hata mtu aliyepita zake kununua vitunguu alijikuta anarudi nyumbani na kabati lisilofunga mlango. "Kabati hili, jamani, halifungi kwa sababu lina roho nzuri, halimfichi mtu kitu! Nani anaongeza?" Watu wakavunjika mbavu, na kabati likaondoka.

Ungewaambia kwamba huyu mtu utotoni alikuwa na kigugumizi, wangekuona umechanganyikiwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na hakikuwa kigugumizi cha mchezo. Darasa la pili, kusema "shikamoo" tu ilikuwa safari. Mishipa ya shingo inamtoka, macho yanamtoka, na wenzake wanalimalizia neno kwa pamoja, kisha wanaangua kicheko. Hata mama yake mzazi, kwa kumhurumia, alikuwa akimmalizia. Mwishowe mtoto akaona bora anyamaze kabisa, yaishe.

Ndipo akaja Mwalimu. Mwanamke mfupi, mkali wa macho, aliyevaa raba na gauni kwa sababu miguu ilikuwa ikimsumbua. Siku ya kwanza alimuuliza swali la hesabu, darasa zima likadakia jibu. Mwalimu akawageukia. "Nimewauliza ninyi? Neno ni lake. Atakayemmalizia tutabaki naye hapa mpaka jioni." Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya mtoto, akakunja mikono, akangoja. Kengele ya mapumziko ikalia. Hakutoka mtu. Wenzake matumbo yanaunguruma, wanamlaani kimoyomoyo, na Mwalimu yupo tu, anamtazama utadhani hana kazi nyingine duniani. Neno likatoka. Lilikuwa "tisa", na wala halikuwa jibu lenyewe.

"Umekosa," Mwalimu akasema, "lakini umesema mwenyewe. Haya, nendeni mkacheze."

Mwaka mzima ikawa hivyo. Jamani, nani siku hizi ana mwaka mzima wa kumpa mtoto wa mwenzake?

Basi habari zilipomfikia Cherehani kwamba Mwalimu amepigwa na kiharusi, upande mmoja umelala na kauli imepotea, alimwachia msaidizi wake kazi yote na kwenda moja kwa moja. Binti wa Mwalimu, aliyekuwa amerudi nyumbani kumuuguza mama yake, alimpokea mlangoni.

"Karibu, kaka. Ingia umwone, ila usitegemee mazungumzo. Hatamki kitu."

Mwalimu alikuwa chumba cha nyuma, ameegemezwa kwenye mito, pembeni kuna kimeza cha dawa na glasi yenye mrija, miguuni amejikunja paka. Alikuwa amekwisha, amebaki macho. Lakini macho hayo yalimtambua mgeni palepale. Mdomo ukapinda, ukaanza kutafuta neno.

Hapo ndipo Cherehani alipoharibu. Kimya kilimtia hofu, na yeye dawa ya hofu anayoijua ni moja tu. "Maji, Mwalimu? Mto? Unasikia baridi? Aa, usijisumbue, wewe pumzika, mimi nitasema kwa niaba yetu wote!" Akaporoja ya sokoni, akaporoja ya wanafunzi wenzake wa zamani, nani kaota kitambi, nani kaoa tena. Kila mdomo wa Mwalimu ulipofunguka, yeye alitia neno. Mwishowe Mwalimu akafumba macho, na chozi likateremka mpaka sikioni.

"Ndivyo anavyofanya kila siku," binti akasema walipokuwa ukumbini. "Sijui anataka nini. Nimempa maji, nimempa mto, hata paka nimempandishia kitandani, na mama tangu zamani hapendi paka!"

Cherehani alikuwa keshafika barabarani akili ilipomrudia. Amemfanyia Mwalimu yaleyale aliyofanyiwa yeye! Aibu ikamshika, akasimama kando ya mtaro akijitukana kwa sauti, wapita njia wakimkwepa. Akaapa kwamba kesho atarudi, na hatapanua domo lake. Atamsikia Mwalimu akisema, hata likiwa neno moja.

Akarudi asubuhi. Alitoa shikamoo yake, akavuta kiti, akakunja mikono. Binti alikuwa jikoni anakoroga uji. Mdomo wa Mwalimu ukaanza kutafuta, na Cherehani akajiuma ulimi. Loo, kumbe kungoja ni kazi! Maneno yalimjaa kinywani, jasho likamtoka. Simu ikatetemeka mfukoni: walikuwa wakimngoja kwenye mnada mkubwa, vifaa vya hoteli iliyofilisika. Hakuishika. Ikatetemeka tena, akaitoa mfukoni, akaikalia.

"Pa..." Mwalimu akasema. Akapumzika. Akaanza upya. "Pa... pazia."

Pazia! Lilikuwa limefungwa tangu siku alipotoka hospitali, ati mwanga usimsumbue mgonjwa. Cherehani akaruka, akalivuta. Nje hakukuwa na kitu cha ajabu: kamba ya nguo, uchochoro, na watoto wenye sare wakipita kwenda shule, wanasukumana na kuvutana mabegi. Mwalimu aliwatazama mpaka wa mwisho akapotea. Upande mzima wa uso wake ukatabasamu. Cherehani akalia bila kujificha, kwa furaha, maana alikuwa amemsikia.

Kisha Mwalimu akamgeukia yeye. Mdomo ukafunguka tena.

"Na..." akasema. "Na..."

Simu ikatetemeka. Safari hii Cherehani aliitazama. Msaidizi wake alikuwa ameandika kwamba wanunuzi wanaondoka na mwenye mali anafoka. Akamshika Mwalimu mkono. "Kesho, Mwalimu wangu. Kesho utamalizia, nitashinda hapahapa." Akatoka mbiombio, na alipogeuka mlangoni Mwalimu alikuwa bado anatafuta. Siku hiyo aliuza kila kitu, mpaka vijiko.

Kesho yake, kabla hajanywa chai, binti akampigia simu. Mama hakuamka.

Wakazika. Watu walipokwisha kutawanyika, binti alimwita Cherehani chumba cha nyuma. Godoro lilikuwa limeshatolewa, zimebaki chaga tupu. Pazia lilikuwa wazi.

"Kaka, wewe ndiye wa mwisho kumsikia. Baada ya kutaka pazia, kama ulivyonisimulia msibani, alisema kitu kingine?"

"Alianza."

"Alianza kusema nini?"

"Alisema 'na'. Mara mbili."

Binti akamsogelea. "Alitaka kunitaja mimi? Muda wote huu nimemuosha, nimemlisha, nimemgeuza kitandani, sikusikia hata jina langu. Niambie, kaka. Alikuwa ananitaja?"

"Ndiyo" ilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi wake. Neno dogo, la huruma, na yeye alikwisha kuuza makubwa kuliko hilo kwa watu asiowajua. Nani angemshika? Binti angepata usingizi leo. Lakini kila alipotaka kulitoa aliuona ule mdomo unavyotafuta, akajua kwamba hilo lingekuwa neno lake yeye, si la Mwalimu.

"Sijui, dada," akasema. "Alikuwa bado anasema, mimi nikaondoka."

Binti alipomjibu, sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Nilikuwa hapo jikoni tu, kaka," akasema. "Ungeniita."