Naam Nyuma ya Ukuta

"Mzee! Upo?"

Kidevu alikuwa ameubana mlango kwa mgongo, visigino kakita sakafuni. Upepo ulimsukuma, naye akausukuma. Bati moja la paa lilikwisha kwenda zake, na yaliyobaki yalikuwa yakipiga makofi juu ya kichwa chake. Mezani, nguo za wateja zilikuwa zimelowa chapachapa kando ya cherehani.

"Naam!" sauti ikajibu kutoka upande wa chumba cha ndani.

Moyo wake ukatua kidogo.

Mtaa ulimwita Kidevu kwa sababu kidevu chake kilikuwa laini kama sahani. Lakini kibati cheusi cha jina kifuani kilimtaja kuwa Mzee, kwa kuwa katika kanisa lao, lile ambalo watu hulifupisha wakasema la Wamormoni, kila kijana anayetumwa kuhubiri huitwa hivyo. Mwenzake, Mrefu, naye alikuwa Mzee. Waliitana Mzee wakipiga mswaki, wakaitana Mzee wakigombania pasi. Baba wa mama mmoja fundi cherehani, seremala aliyestaafu lakini asiyeiacha randa yake, hakuchoka kuwacheka. "Wazee gani nyie? Mimi nina mvi mpaka masikioni, nyie hata ndevu za kuazima hamna!" Wao walimwita Babu, kama mjukuu wake alivyomwita.

Siku hiyo walikuja nyumbani kwa fundi kumfundisha somo la dini. Kabla hawajapiga hodi, dhoruba ikawakuta mlangoni, na bati likaruka likampasua Mrefu kwenye paji la uso. Fundi akachana kitambaa, akamfunga, akamlaza chumba cha ndani. Kisha akakumbuka kwamba binti yake alikuwa kwa jirani ng'ambo ya barabara.

"Mwangalie mzee!" alimwambia Kidevu akitoka mbio. "Usimwache!"

"Simwachi, mama."

Ilikuwa ahadi nyepesi. Ndiyo kanuni ya kwanza ya utumishi wao: mwenzako asitoke machoni wala masikioni. Machoni Mrefu alikwisha kutoka, maana mlango ukiachiwa nyumba ingejaa maji. Yalibaki masikio.

"Baba wa Mbinguni," aliomba Kidevu, meno yakigongana, "niambie la kufanya."

Alikuwa amefundishwa kwamba jibu huja kwa sauti ndogo, tulivu. Sasa ndogo ipi, tulivu ipi, katika zogo hili? Kila alipotega sikio alisikia mabati. Akaita tena, "Mzee!"

"Naam! Naam!" Safari hii kwa ukali, kama mtu aliyechoshwa na mzaha.

Mara upepo ukakatika. Kimya kikawa kizito kuliko kelele. Kidevu akaingia chumbani, akamkuta Mrefu chali, macho ameyafumba.

"Ndiyo nini kunifokea?"

"Nani?" Mrefu alifumbua jicho moja. "Sijafungua mdomo tangu nilale."

"Nimekuita ukaitika. Naam, naam."

"Mzee, acha. Kichwa kinaniuma."

Kidevu alisimama katikati ya chumba. Aliyeitika ni nani, basi? Aliwaza jambo ambalo asingethubutu kulisema, kwamba labda ndilo jibu la maombi yake, akaona aibu, kisha akaogopa kwamba alikuwa ameona aibu.

Kutoka ng'ambo, fundi alipaza sauti. Barabara ilikuwa mto, haikuvukika. "Mzee yuko salama?"

Kidevu akachungulia dirishani. "Yuko salama, mama! Ni kidonda tu cha usoni!"

"Cha usoni? Amekipata wapi? Ametoka saa ngapi karakana?"

"Karakana?"

"Baba yangu! Mzee! Si nilikuachia umwangalie?"

Kidevu akageuka kuutazama ukuta wa chumba. Karakana ya Babu ilikuwa nyuma ya ukuta ule ule alioulazia kichwa Mrefu.

"Namfuata!" alipiga kelele. Mbingu zilikuwa zinafunga tena, nyeusi kama masizi ya sufuria.

Mrefu alimshika mkono. "Usiniache, Mzee. Nikiketi tu nyumba inazunguka."

Usimwache, aliambiwa. Ahadi ilikuwa moja, wazee wawili. Aliomba tena, haraka, na hakusikia kitu isipokuwa upepo ukirudi kwa mbali. Basi akavua tai yake. Akafunga ncha moja kwenye kifundo cha mkono wa Mrefu, nyingine kwenye wake.

"Egemea kwangu. Tunaenda wote."

"Kanuni ndivyo inavyosema?"

"Sijui inasemaje."

Walitoka kwa mlango wa nyuma wakiyumba kama walevi wawili. Karakana ilikuwa imelala upande mmoja. Chini ya rundo la mbao, miguu imebanwa, Babu alikuwa amejikunja kwenye uvungu wa meza yake ya kazi. Ile meza ndiyo ilikuwa imelizuia paa.

"Mmefika," alisema, midomo ya buluu. "Mliniita nikaitika. Mkaniita tena, nikaitika. Nikasema, hawa watoto wana mchezo gani na mimi?"

Kidevu alitaka kusema hakuwa akimwita yeye. Badala yake akapiga magoti kwenye takataka za randa zilizogeuka uji, akaanza kunyanyua mbao kwa mkono mmoja. Kila aliponyanyua, tai ilivutika, na mkono wa Mrefu ukaja kusaidia, upende usipende.

Mvua ikaanza upya. Kibati cheusi kilikuwa kimedondoka mahali fulani kwenye matope. Ng'ambo, kupitia maji, fundi aliita kwa sauti iliyopasuka:

"Mzeee!"

Watatu wale wakatazamana. Maji yaliwatiririka usoni, na kila mmoja akamngoja mwenzake aitike.