Pumzi ya Mutanu

Siku nesi alipoleta mashine ya kupima pumzi shambani, Kamene hakuipuliza. Aliyeipuliza ni bintiye Mutanu, ndani ya ovaroli na gambuti za mama yake, barakoa usoni, kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi. Nesi alikuwa mgeni, anaita majina tu kwenye orodha. Msichana akapuliza, nesi akaandika: mapafu mazuri sana.

Msimlaumu Kamene, jamani. Miaka kumi na mmoja aligeuza maranda na kinyesi katika mabanda ya kuku wa mayai huko njia ya Katelembo, vumbi likipanda mpaka kuku hawaonekani, harufu ikichoma macho. Kikohozi cha asubuhi kikawa cha kutwa, kisha kifua kikaanza kupiga miluzi. Na shamba zima lilikuwa likisema jambo moja: atakayeshindwa kupuliza, anafutwa kazi. Nani alilisema kwanza? Maneno ya foleni ya chai tu, na kila mtu aliyameza. Mutanu alikuwa amebakiza mwaka mmoja chuoni, na hakukuwa na mwingine wa kumsomesha.

Matokeo yakaja. Watatu walishindwa. Kamene akawaonea huruma, masikini, akawatafutia hata maneno ya kuwafariji. Wapi! Hakuna aliyefutwa. Walihamishiwa chumba cha mayai, kule kwenye madirisha makubwa na sakafu inayopigwa deki kila siku, wakae wakipanga trei na kupiga soga. Mshahara ule ule. Naye Kamene, mwenye kifua kizima kwenye karatasi, akaongezewa banda la nne ili azibe pengo lao.

Alivumilia miezi miwili. Siku aliyoanguka kwa magoti kwenye maranda, midomo imegeuka rangi ya majivu, alikwenda kwa msimamizi wao, Levi, akamweleza yote.

"Mama Mutanu, unaniambia ulidanganya kampuni?"

"Nilidanganya. Nipimeni tena."

"Nikiandika hivyo, unaenda nyumbani leo. Kudanganya ni kufutwa, hiyo hata mimi siwezi kuzuia. Nisipoandika, karatasi inasema uko sawa."

Hakuyasema kwa ubaya, hata alimvutia kiti. Lakini kiti kitamfaa nini mtu asiyepata hewa? Kamene alikaa hapo mpaka miluzi ikapungua, akavaa barakoa, akarudi banda la nne.

Jioni Mutanu alipoyasikia, alianguka miguuni pake. "Mwaitu, mama yangu, ni mimi nimekuua! Si ningepuliza kidogo tu!"

Roho ya Kamene ilimuuma kuliko kifua. Alitaka kumwambia mwanawe kwamba ni yeye mama aliyemvalisha ile ovaroli, kwa mikono yake mwenyewe, mtoto akikataa. Alianza mara mbili. Mara zote mbili pumzi ilikatikia kwenye jina la Mutanu, na msichana akazidi kulia, akidhani mama amekubali.