Korongo wa Mwalimu Luan

Jeneza la Mwalimu Luan lilikuwa lipigwe misumari adhuhuri, na hadi asubuhi hiyo mkono wake wa kulia ulikuwa bado mtupu. Mjane wake alitaka mumewe ashike kichupa cha ugoro cha kioo, kilichochorwa korongo kwa ndani, kwa kuwa korongo ndiye anayewabeba wafu kwenda magharibi. Asiyepata ndege, alisema, hubaki akizungukazunguka nyumbani. Kazi hiyo alimpa Yunting, mwanafunzi wa mwisho wa marehemu.

Yunting aliketi kwenye karakana ya mwalimu wake, akapenyeza brashi ya mwanzi yenye ncha iliyopindwa katika shingo ya kichupa. Wachoraji wa karatasi humalizia na jicho, kwa sababu jicho ndilo linalompa mnyama uhai. Anayechora ndani ya kioo hana hiari hiyo: rangi ya kwanza ndiyo inayoonekana kwa nje, na kila inayofuata hujificha nyuma yake. Hivyo jicho hutangulia, kisha kichwa, kisha mabawa, na anga huja mwisho. Mwalimu Luan alikuwa na katazo moja lisilojadiliwa: jicho likishachorwa limefunguka, na kichupa hakioshwi tena.

Jicho likafunguka. Yunting akachora mdomo na utosi mwekundu. Ndipo alipohisi kwamba korongo hamtazami yeye, bali anatazama nyuma ya bega lake, kilipo kiti cha mwalimu. Harufu ya ugoro wenye kafuri, ule wa mwalimu, ikamjia, mbichi kabisa. Kiti kikalia, kama kilivyokuwa kikilia mwalimu alipoinama mbele kukagua kazi. Yunting hakugeuka. Mkono ukaenda mbio wenyewe, na alipozinduka alikuwa ameijaza anga yote rangi ya buluu. Mabawa hakuwa ameyachora.

Alikipeleka kichupa uani, ambako mjane alikuwa akikunja karatasi za kuchomwa mazishini, akamweleza kosa lake bila kujitetea. Mabawa yakichorwa sasa yatakaa nyuma ya anga, na hakuna atakayeyaona.

"Kioshe, uanze upya," alisema mjane.

"Jicho limeshafunguka, Mama Mwalimu. Na Mwalimu mwenyewe yumo karakanani. Amekaa kitini."

Mjane hakushtuka. Alisema amemsikia tangu alfajiri akitafuta viatu. Amekufa, na bado hajui anapoviweka. Kisha akakiinua kichupa kwenye mwanga.

"Kwa hiyo mume wangu aende kwa miguu?"

"Hapana, Mama."

"Basi nijibu, mwanangu. Anayepanda ndege huyu atakuwa nje ya kichupa, au ndani?"

"Ndani."

"Na aliye ndani ataona rangi ipi kwanza?"

Ya mwisho. Yunting alirudi karakana akayachora mabawa juu ya ile buluu, unyoya kwa unyoya, harufu ya kafuri ikiwa imemsimamia begani. Kila alipofanya papara, kitu baridi kilimlalia kifundo cha mkono hadi akapunguza mwendo.

Adhuhuri jamaa walilizunguka jeneza. Kwa nje ya kichupa kilionekana kichwa tu cha korongo kikielea katika buluu, na shemeji wa marehemu akauliza kwa kejeli kama siku hizi wanafunzi wa Luan wanafundishwa kuchinja. Mjane alimwambia afunge mdomo au aondoke.

Yunting akainama ili amkabidhi mwalimu wake kichupa. Jua lilikipiga upande mmoja. Anga ilikuwapo yote, safi, bila doa, lakini kichwa hakikuwapo. Mahali palipokuwa na jicho palikuwa na buluu tupu, laini, kana kwamba hapajawahi kuguswa na rangi nyingine. Ndege alikuwa ameugeuzia ulimwengu kisogo, akatazama ndani, yalipo mabawa yake.

Alimtazama mjane. Naye alikuwa ameona.

"Mpe," alisema kwa sauti ya chini. "Usimcheleweshe."

Vidole vilivyokuwa vimekakamaa tangu jana vilikipokea kichupa bila kulazimishwa.