Siku Kumi na Moja za Kima

Barua ya jarida ilifika Jumanne: makala yetu yamekubaliwa. Daktari Maximilla, msimamizi wangu, alinikumbatia.

"Wengi huandika yale yale kwa maneno mengine," alisema. "Wewe, Namalwa, umeleta kitu ambacho hatukukijua."

Kitu chenyewe kilikuwa kima wa msitu wa Buyangu aliyefiwa na mtoto. Tuliandika kwamba kwa siku kumi na moja alirejea kila asubuhi chini ya mti mtoto alipoangukia. Makala yote yalisimama juu ya neno hilo, "alirejea".

Aliyemwona ni mzee Nehemiah, anayewatembeza wageni msituni. Kila siku alinitumia ujumbe wa sauti, nami nikiwa chumbani kwangu mtaani Amalemba nikauandika. Kwenye orodha ya waandishi, jina lake lilifuata langu.

Jumamosi nilimpelekea nakala, nikamsomea kwa Kiswahili.

"Kumbe mimi ni msomi," alimwambia mkewe, Rosebella. "Kuanzia leo chai yangu iletwe na sahani chini."

"Sahani utaosha wewe, profesa."

Nilipofika kwenye "alirejea", mzee aliinua mkono.

"Arudi kutoka wapi? Huyo hakutokanga hapo. Nilikwambia amelegea. Hakuwa na nguvu hata ya kufukuza nzi."

Chuoni walinicheka kwa sababu ya r na l zangu, mpaka nikawa siongei darasani. Niliposikia "amelegea", nilidhani ulimi wa mzee umeteleza kama wangu, kwamba alitaka kusema "ameregea", yaani amerudi. Nikamsahihishia. Mara kumi na moja. Niliona haya kumwuliza.

"Itabidi tuyaondoe makala," nilisema.

Mzee alikuwa bado anatazama jina lake. "Si uandike tu ukweli? Kwamba alikaa na mtoto wake mpaka mwisho."

"Kima mmoja mgonjwa, mzee. Watasema si jambo jipya."

"Mimi sijawahi kuona."

Rosebella alinishika bega, ndipo nikalia.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema barua ya kuyaondoa makala inahitaji sahihi za waandishi wote. Jumatatu niliipeleka kwa mzee. Aliitia sahihi polepole, majina yake yote matatu, akaniuliza kama hiyo nayo itachapishwa.